Architects: bendi moja au bendi mbili?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niliwajua Architects kupitia wimbo wao 'Animals', nikaupenda sana. Rafiki yangu akanipa albamu yao ya mwaka 2009, 'Hollow Crown', nikadhani amekosea faili. Ni kelele mwanzo mwisho! Yeye anasema hiyo ndiyo Architects ya kweli, na kwamba siku hizi wanafuata hela na redio. Je, ni kweli? Kwa nini wamebadilika hivi, na mimi nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako hakukosea faili. Ni bendi ileile ya Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, na ni mwimbaji yuleyule, Sam Carter, anayepayuka kwenye "Hollow Crown" na kuimba kwenye "Animals". Hata mpiga dramu ni yuleyule. Aliyebadilika ni mtunzi. Wanaobishana kuhusu bendi hii hubishana juu ya sauti, hela na redio, wakamsahau aliyekuwa ameshika kalamu.

Bendi hii ilianzishwa mwaka 2004 na mapacha wawili, Tom na Dan Searle. Tom alishika gitaa, Dan akakaa kwenye dramu. Albamu ya kwanza, "Nightmares", ilitoka mwaka 2006 ikiwa na mwimbaji mwingine, Matt Johnson. Carter akaingia mwaka uliofuata, na "Ruin" ya 2007 ndiyo ya kwanza yenye sauti yake. Tangu mwanzo mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Rifu, yaani vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa na kuubeba wimbo, vilitoka kwa Tom. Mpangilio wa nyimbo ulitoka kwa Tom. Kwa miaka mingi hata mashairi anayoyapayuka Carter, mengi yaliandikwa na Tom. Shika hilo kabla hatujaendelea.

Kwa wasomaji ambao muziki huu ni mgeni kwao: metalikoo ni mtoto wa ndoa ya hadikoo na metali. Hadikoo, ambayo ni panki iliyokasirika zaidi, ilileta nyimbo fupi, hasira, na ule utamaduni wa shabiki kupanda jukwaani na kudaka maikrofoni. Metali ilileta ufundi wa gitaa. Alama kubwa ya mtoto huyu ni brekidauni: wimbo uliokuwa ukikimbia unashikwa breki ghafla, mwendo unashuka nusu, gitaa na kiki (ile ngoma ya mguu) vinagonga pamoja kama nyundo moja, na watu ukumbini wanaanza kurushiana mikono na miguu. Bendi mbovu hutumia brekidauni kama mpishi asiyejua kupika anavyotumia pilipili, ili usitambue kwamba chumvi haipo.

"Hollow Crown" ni kazi ya vijana wa miaka 21 hivi wenye haraka. Midundo inahesabiwa kwa namna isiyo ya kawaida, ukijaribu kuitikia kwa kichwa unapotea. Carter anapayuka kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa. Lakini mwambie rafiki yako asikilize tena wimbo wa mwisho, ule uliobeba jina la albamu. Unaanza polepole, kwa vinanda vya umeme na sauti ya kuimba. Ule upole ambao yeye anasema umeletwa na hela ulikuwemo ndani ya albamu anayoiabudu.

Tena haukuishia hapo. Januari 2011 walitoa "The Here and Now". Viitikio vikawa vipana, gitaa likapunguzwa makali, na kuna wimbo unaitwa "Heartburn" ambao ungeweza kumpigia bibi yako bila kumshtua. Mashabiki walikasirika, na bendi yenyewe baadaye haikuifurahia kazi hiyo. Kumbuka kwamba wakati huo Tom yu hai, ana afya, na ndiye mtunzi mkuu. Kwa hiyo aliyejaribu kwanza kuilainisha Architects ni Tom mwenyewe. Kosa lake, kwa maoni yangu, halikuwa kulainisha. Kosa lilikuwa kuutenga upole na ukali: wimbo mmoja mgumu, unaofuata laini, kama sahani mbili tofauti mezani. "Daybreaker" ya Mei 2012 ilirudisha ukali, na safari hii mashairi yaligeukia siasa na dini. "Devil's Island" ulihusu ghasia zilizoichoma miji ya Uingereza mwaka 2011. Ni albamu nzuri, ila bado inatafuta njia.

Njia ilipatikana Sweden. Mwaka 2013 walisaini na Epitaph, kampuni huru ya Los Angeles yenye asili ya panki, kisha wakaenda Gothenburg kurekodi na Fredrik Nordström na Henrik Udd katika Studio Fredman. Studio hiyo ndiyo iliyopika sauti ya metali ya Gothenburg miaka ya tisini, kina At the Gates na In Flames, ambao bendi nyingi za metalikoo zimejifunza kwao. Matokeo yalitoka Machi 2014: "Lost Forever // Lost Together". Hapa naomba unipe muda, maana kama ningeambiwa nibaki na albamu moja tu ya Architects, ningebaki na hii.

Weka hedifoni, cheza "Gravedigger". Chini kabisa kuna gitaa lenye nyuzi zilizolegezwa hadi zinakaribia eneo la besi. Linakatwakatwa na ukimya, na ukimya huo ni sehemu ya rifu: noti inagongwa, inanyamazishwa kabla haijavuta pumzi, kisha inagongwa tena mahali ambapo hukuitegemea. Kiki ya Dan inagonga palepale, haipishani na gitaa hata kidogo. Mapacha hao, unaweza kusema, walikuwa na mapigo mamoja. Halafu juu yake, mbali, kuna gitaa la pili lenye mwangwi mrefu, linalolia taratibu kana kwamba liko kwenye wimbo mwingine wa huzuni. Ukali na upole havipokezani zamu tena. Vinasikika kwa wakati mmoja, kimoja juu ya kichwa cha kingine. Swali ambalo Tom alilishindwa mwaka 2011, hapa amelijibu.

Niliwahi kumpa kijana ninayemfundisha gitaa rifu mojawapo ya albamu hiyo. Vidole vya mkono wa kushoto vilimkubalia siku ya kwanza. Mkono wa kulia, ule unaonyamazisha nyuzi, ulimchukua wiki tatu, na hadi leo akipata jukwaa huharakisha.

Na Carter naye alikuwa amepata chake. Wapayukaji wengi wa metali hukoroma bila noti. Ukiwawekea kinanda huwezi kuwafuata. Carter hupasua sauti lakini noti inabaki ndani yake, hivyo anaweza kupayuka kiitikio chenye mahadhi na ukakiimba bafuni. Pia kuna ule mlio wake wa "blegh", kama mtu aliyemeza dawa chungu, anaoutoa kabla ya brekidauni. Ulianza kama mchezo ukageuka nembo. Mashabiki humdai kila mahali kama watoto wanavyodai pipi.

Katikati ya albamu hiyo kuna wimbo unaoitwa "C.A.N.C.E.R". Mwaka 2014 wasikilizaji wengi waliupita tu. Waliokuwa karibu na bendi walijua kwamba Tom alikuwa mgonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, lakini jambo hilo lilitunzwa faraghani naye akaendelea kupanda jukwaani.

Mei 2016 ikatoka "All Our Gods Have Abandoned Us", iliyorekodiwa tena Gothenburg na mafundi walewale. Ni albamu nzito kuliko zote, na nzito kwa maana zote mbili. Gitaa limeshuka chini zaidi, vinanda vimekuwa baridi kama wodi ya usiku. "Nihilist" unafungua kwa hasira dhidi ya dunia nzima. "A Match Made in Heaven" unashambulia vita ambavyo mataifa ya Magharibi huvipeleka nchi za watu. Ila ukifika "Gone with the Wind" unasikia mtu amegeuka kutoka kwa dunia akaanza kuzungumza na mwili wake mwenyewe, kuhusu ugonjwa, kuhusu tumaini linalochosha. Mashairi hayo aliyaandika Tom, akamkabidhi Carter ayapayuke. Fikiria kazi hiyo: kila usiku kusimama mbele ya watu na kulia kilio cha mwenzako, naye amesimama hatua tatu pembeni yako anapiga gitaa.

Tarehe 20 Agosti 2016, chini ya miezi mitatu tangu albamu itoke, Tom alifariki. Alikuwa na miaka 28. Aliugua kwa miaka mitatu.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunalifahamu jambo hili. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, Super Volcano haikupata wa kumrithi. Franco alipofariki mwaka 1989, TPOK Jazz ilijikongoja miaka michache kisha ikasambaratika, ingawa ilikuwa imejaa waimbaji na wapiga gitaa wa kutisha. Bendi inaweza kumpoteza mpigaji na ikasahau baada ya mwezi. Ikimpoteza mtunzi imepoteza ulimi.

Architects wangeweza kufunga duka, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walimaliza ziara walizokuwa wamezipanga, kisha wakamchukua Josh Middleton, kiongozi wa bendi ya Sylosis, apige gitaa. Septemba 2017 wakatoa "Doomsday", wimbo uliojengwa juu ya rifu aliyoiacha Tom ikiwa haijamalizika. Dan, aliyekuwa mpiga dramu, sasa akawa mwandishi mkuu wa mashairi. Februari 2018 walijaza Alexandra Palace ya London, ukumbi unaomeza watu wapatao 10,000, na Novemba mwaka huo ikatoka "Holy Hell".

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Mashabiki huiita "Holy Hell" albamu ya kurudi. Mimi naiona kama arobaini. Ina mabaki ya kazi za Tom ndani yake, ina mtindo wake kila mahali, na mashairi mengi ya Dan ni habari za ndugu yake. Wimbo wa kwanza unaitwa "Death Is Not Defeat", na kichwa hicho kinajieleza. Middleton, ambaye kwa mikono ni fundi kuliko wapiga gitaa wengi wa kizazi chake, anapiga kwa adabu ya mgeni aliyekalishwa kwenye kiti cha marehemu. Albamu ni nzuri sana. Lakini haikuwezekana kuendelea hivyo maisha yote. Rifu alizoacha mtu huisha, na baada ya hapo una njia mbili: kumwiga marehemu mpaka ugeuke kikaragosi chake, au kukubali kwamba anayetunga sasa ni mwingine.

Wimbo ulioupenda wewe, "Animals" wa Oktoba 2020, ndio uamuzi huo. Rifu yake ni rahisi, nzito ya kukanyaga, mtoto wa sekondari anaweza kuipiga jioni moja. Zile hesabu za ajabu hazipo. Huyo ni Dan anatunga: mpiga dramu huwaza kwanza mdundo ambao ukumbi mzima utautikisia kichwa kwa pamoja. Albamu yake, "For Those That Wish to Exist", ilitoka Februari 2021 ikiwa na nyimbo 15, nyuzi za okestra, vinanda tele, na wageni kama Winston McCall wa Parkway Drive na Simon Neil wa Biffy Clyro. Somo lake kuu ni dunia inayoharibiwa na sisi tunaoitazama ikiharibika. Wala si jambo walilookota njiani. Carter ni balozi wa Sea Shepherd, wale watetezi wa viumbe wa baharini, na mashairi yao yalikuwa yakizungumzia bahari miaka mingi kabla. Ilikuwa albamu yao ya kwanza kushika namba 1 Uingereza.

Sasa tuzungumze hela, maana rafiki yako hatanyamaza bila hilo. Ndiyo, albamu hii iliwapeleka kwenye redio zaidi. Ndiyo, viitikio vyake vimetengenezwa viimbike na umati. Lakini walibaki na Epitaph ileile waliyosaini mwaka 2013, na waliitengeneza wenyewe, Dan na Middleton wakiwa maprodyuza. Halafu Desemba 2021 wakaenda studio ya Abbey Road kuirekodi upya yote, moja kwa moja, pamoja na Parallax Orchestra. Nyimbo 15 za metalikoo na okestra nzima si biashara ya haraka. Mimi lawama yangu ni nyingine kabisa: ni ndefu mno. Ningekata nyimbo nne bila kuuliza mtu. Ila nisingeugusa wa mwisho, "Dying Is Absolutely Safe", gitaa la kawaida lisilo na umeme na sauti ya Carter isiyopayuka hata mara moja.

"The Classic Symptoms of a Broken Spirit" ya Oktoba 2022 sitakaa nayo. Ina mashine nyingi, nyimbo zinafanana, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote baada ya ile ya 2011. Middleton aliondoka mwaka uliofuata akarudi kwa Sylosis.

Halafu wakafanya jambo lililonichekesha. Desemba 2023 walitoa "Seeing Red", wimbo mkali kama zamani, wenye "blegh" na kila kitu, na kiitikio chake kinawasuta mashabiki wanaoipenda bendi pale tu inapokasirika. Yaani waliwapa watu wa aina ya rafiki yako kile walichokilia, na kijembe humohumo. Ukiutazama kwa jicho la Kiswahili, hiyo ni taarab kwa magitaa ya nyuzi zilizolegezwa.

Wimbo huo ukawa mlango wa "The Sky, The Earth & All Between", iliyotoka Februari 2025. Prodyuza ni Jordan Fish, aliyekuwa mpiga vinanda wa Bring Me the Horizon hadi mwishoni mwa 2023. Hao nao ni Waingereza wa rika moja na Architects, walioanza na kelele tupu huko Sheffield na kuishia kwenye viwanja vikubwa. Mkono wa Fish unasikika: kila sauti imesuguliwa, kila kiitikio kimenyanyuliwa, hakuna sekunde iliyoachwa ilale. "Blackhole" na "Whiplash" zina ukali ambao haukusikika tangu 2018. Mimi sauti hiyo hunichosha nikiisikiliza nzima kwa mfululizo, kama chakula chenye viungo vyote vya kabatini. Lakini ukiuliza kama bendi imejua sasa ni nani bila Tom, nadhani imejua. Haijaribu kumfufua, wala haimkimbii.

Kwa hiyo mjibu rafiki yako hivi: Architects anayoipenda yeye ni ya Tom, unayoipenda wewe ni ya Dan, na hao walilala tumbo moja.

Kuhusu pa kuanzia, usianze mwanzo. Kwa kuwa umeingilia "Animals", nenda kwanza "Doomsday", kwa sababu una mahadhi unayoyapenda na rifu ya yule usiyemjua. Ukizoea, chukua "Lost Forever // Lost Together" yote, kwa hedifoni, si kwa spika ya simu. Spika ya simu inameza gitaa la chini lote ukabaki na makelele, ndiyo maana watu wengi huuchukia muziki huu bila kuusikia. "Hollow Crown" iache mpaka mwisho, uisikilize ukiwa tayari unajua hao vijana walikuwa wanaelekea wapi.

Na siku moja, ukiwa na nafasi, tafuta "Memento Mori", wimbo wa mwisho wa albamu ya mwisho ya Tom, unaokaribia dakika nane. Ukiisha, usisimamishe. Unganisha moja kwa moja na "Death Is Not Defeat", wimbo wa kwanza wa albamu iliyofuata. Wa kwanza anazungumza pacha mmoja, wa pili anajibu mwenzake.